Rangi ya Kuanzia

3 Februari

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na mgongo wako umetulia. Mimi sijambo, kikohozi kimeondoka chenyewe baada ya kuona sikijali.

Najua utauliza kwa nini siandiki kwenye simu. Ulisema mwenyewe simu ya duka inashikwa na kila mteja, na mambo yetu si ya kila mteja. Basi karatasi ndiyo hii.

Baba, ukurasa wa duka lako umekamilika! Upo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuufungua. Na jana nimeongeza kitu ambacho nimekuwa nikikiwazia tangu mwaka jana: kisanduku cha kuchagua rangi. Usidhani ni jambo la kunitoa jasho. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, unauambia ukurasa "hapa weka kisanduku, na aina yake ni rangi", basi. Mteja akikigusa kinafunguka, anaona rangi zote, anasogeza kiduara mpaka aridhike. Chini yake kunatokea namba ya rangi hiyo, alama ya reli (#) ikifuatiwa na herufi na tarakimu, jumla sita. Akibonyeza "Tuma", rangi inaingia kwenye simu ya duka, nawe unaichanganya. Zimo zaidi ya milioni kumi na sita.

Kimebaki kitu kimoja. Kisanduku lazima kiwe na rangi ya kuanzia, ile inayoonekana kabla mtu hajachagua. Nisipokiambia, kinaanza na nyeusi. Nichagulie wewe, maana duka ni lako.

Na nikwambie la moyoni. Hapa ofisini tuko watatu kwenye majaribio, na mwezi wa sita watabaki na mmoja. Kila mtu ataonyesha kazi aliyoifanya peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nitaonyesha ukurasa wa duka la baba yangu. Niombee.

Msalimie mama sana.

Mwanao,
Kidole

17 Februari

Kwa binti yangu Kidole,

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, mgongo unalalamika asubuhi halafu unanyamaza ukiona hakuna wa kuusikiliza. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Milioni kumi na sita! Miaka thelathini na moja nimekoroga makopo, nimepata rangi mia nne na kumi na mbili, na kila moja ina kipande chake cha kadi ndani ya bati la biskuti, nyuma nimeandika kwa penseli idadi ya vijiko vya kuichanganyia. Nikadhani mimi ni mtu. Wewe kwa mstari mmoja umenipita hata sijavuta pumzi. Haya, hongera. Ulianza kwa kuchovya kidole kwenye kila kopo langu na kukipangusia ukutani, ndiyo maana hata shule walikuita Kidole, na sasa umefika huko.

Kisanduku chako kimeshaleta vituko. Yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ndiye wa kwanza kukijaribu. Akatuma. Nikaangalia simu: nyeusi tii, ndoo mbili, jikoni. Nikavuka barabara nikamwuliza, "Mama, kuna msiba?" Akasema, "Msiba wa nani? Nimetuma tu!" Kumbe hakugusa rangi, alibonyeza "Tuma" kama mtu anayepiga kengele ya mlango. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Ila rangi yenyewe ilibidi aichague upya.

Hiyo rangi ya kuanzia nitaifikiria. Si jambo la kukurupuka.

Juzi nimempakia mama yako sebule. Miaka yote analia kwamba mke wa mchanganya rangi anaishi kwenye kuta za moshi. Aliomba nyeupe ya maziwa, nikaichanganya mwenyewe kwa macho bila kadi, nikapaka mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza, siku nzima. Nilipomaliza nikamwita. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akasema imependeza sana. Nilifurahi kama siku niliyofungua duka.

Ofisini usiwe na wasiwasi. Hao wenzako wawili hawajui kuchovya kidole.

Baba yako,
Fundi

1 Machi

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo baba. Habari za hapo? Mimi mzima na ninakula, mwambie mama, juzi nimekula mpaka nikalegeza mkanda.

Habari ya msiba wa jikoni nimeisoma kwa sauti ofisini, mkubwa wetu wa kazi alicheka akatoka machozi. Kosa lilikuwa langu. Sasa nimekifunga kile kitufe cha "Tuma", hakifanyi kazi mpaka mtu aguse rangi kwanza. Lakini kisanduku bado kinaonyesha nyeusi mtu akikifungua, na mkubwa amesema inatisha wateja.

Nimepata wazo. Chukua simu ya duka, ingia nayo sebuleni, fungua kisanduku, sogeza kiduara mpaka rangi ya kwenye kioo ifanane na ukuta wa mama. Niandikie ile namba ya chini. Hiyo ndiyo itakuwa rangi ya kuanzia. Kila atakayefungua ukurasa wako atakutana kwanza na nyeupe ya maziwa uliyompakia mkeo. Sema kama si vizuri!

Nasubiri namba, baba.

Mwanao,
Kidole

9 Aprili

Kwa binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Utaona herufi zangu zimenenepa, kalamu hii haina adabu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na neno jema, na nilikuwa nasubiri nilipate. Sijalipata.

Kidole, kisanduku chako kinadanganya. Zahanati ya mtaa wa nyuma walichagua rangi ya malai kwa chumba cha wazazi. Nimechanganya kama ilivyokuja. Wamepaka ukuta mmoja, wakarudisha kopo: wanasema ina ubuluu, akina mama wanaonekana wagonjwa kuliko walivyo. Nikasema hao ni wateja wakorofi. Wiki iliyofuata kinyozi, naye kijivu chake kimekuwa na ubuluu. Alhamisi iliyopita mwenye nyumba ya kona kaja na kopo mkononi, mbele ya watu, akalitua juu ya meza yangu na kusema, "Mzee, siku hizi vipi?"

Siku hizi vipi! Miaka thelathini na moja halijarudi kopo hata moja kwenye duka lile. Sasa matatu ndani ya mwezi, na yote yametoka kwenye kisanduku. Mimi nimekaa na rangi maisha yangu yote. Kama kuna kitu kinamwaga buluu mahali isipotakiwa, kimo humo ndani ya mistari yako. Kiangalie.

Mama yako anakusalimu.

Baba

21 Aprili

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini hali yako ni njema. Mimi sijambo, ingawa tangu nipate barua yako usingizi umenipa kisogo.

Nisamehe, baba. Nilipofika pale pa kopo juu ya meza niliikunja barua, sikuweza kuendelea mpaka nikatoka nje nikazunguka jengo zima.

Nimekichunguza kisanduku kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Nimesoma kila mstari, nikaufuta, nikauandika upya. Nimeazima simu za wenzangu wote, nikaazima na ya mlinzi wa getini, nikazipanga mezani nane zote na kuchagua malai ileile ya zahanati. Zinatofautiana kidogo, moja inaegemea buluu, nyingine manjano, kwa sababu kioo kinatoa mwanga na ukuta hautoi. Hilo nalijua, nimeshaandika onyo kwenye ukurasa. Lakini tofauti hiyo ingeyumba huku na kule, baba. Isingekwenda kwenye buluu kila mara. Sielewi, na nisipoelewa naona aibu kukaa kwenye kiti hiki.

Nakuomba kitu kimoja. Chukua rangi kidogo kutoka kwenye yale makopo matatu yaliyorudi, paka vipande vya kadi kama unavyofanya siku zote, nitumie kwa posta. Nikiviona kwa macho nitajua kosa langu liko wapi.

Na ile namba ya ukuta wa sebule hujaniandikia.

Mwanao,
Kidole

6 Mei

Kidole,

Marahaba. Wazima.

Vipande sijatuma, kazi zimenibana. Usijisumbue navyo. Ondoa tu hicho kisanduku, watu waje dukani kama zamani, tuzungumze uso kwa uso.

Baba

20 Mei

Kwa baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote.

Nimekiondoa. Ukurasa sasa una jina la duka, namba ya simu na picha ya mlango.

Leo pia nimekwenda kwa mkubwa wa kazi, nikamwambia sina kazi ya kuonyesha, anitoe kwenye wale watatu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia kisanduku kimoja cha rangi kimenishinda, tena cha baba yangu mwenyewe, sasa vya watu nitaviwezaje?

Usiumie, baba. Si kosa lako. Umenifundisha kwamba kazi ikirudi mlangoni anayeulizwa ni aliyeikoroga. Nilitaka tu uwe na kitu changu pale dukani.

Mwanao,
Kidole

27 Mei

Kwa mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi ili iwahi. Kaa chini uisome.

Kisanduku chako hakina kosa. Kosa liko machoni pangu.

Yapata miaka miwili sasa. Lilianza kama ukungu wa kioo cha bafuni, nikawa nafuta miwani kutwa nzima. Kisha buluu ikaanza kunikimbia. Ikiwa nzito naiona, ila ikiwa changa, ile ya kijiko kimoja ndani ya ndoo ya nyeupe, siioni. Basi naongeza. Naongeza mpaka niione, na nikija kuiona mimi, wenye macho wanaona bahari.

Wateja wa zamani sikuwaharibia, maana rangi zao zimo kwenye bati la biskuti. Nilikuwa sitazami rangi, nageuza kadi nasoma penseli. Kisanduku chako kilileta rangi ambazo hazina kadi. Hapo ndipo nilipolazimika kutumia macho, na macho sina.

Nataka ujue nilijua lini, nisije nikajipunguzia kosa. Siku ile mwenye nyumba ya kona alipotua kopo mezani nilishajua. Alipoondoka nilimwita fundi cherehani, nikapanga kadi nne, nikamwambia anitajie. Alitaja nne tofauti. Mimi nilikuwa naona mbili. Akaniangalia, nikamwambia namtania tu. Siku mbili baadaye nikakuandikia kwamba kisanduku kinadanganya.

Mwanangu, niliogopa. Mchanganya rangi asiyeona rangi ni nini? Ni mzee mwenye bati la biskuti. Nikasema moyoni, acha mtoto alaumiwe yeye, yeye ni kijana, yatapita. Nikakuacha ujikague wiki sita, ukaazima simu mpaka ya mlinzi, mimi nimekaa hapa kimya kama maji ya mtungini. Nilipoisoma barua yako ya mwisho nilifunga duka saa nne asubuhi. Sijawahi kulifunga saa nne asubuhi, hata siku uliyozaliwa nilifunga saa sita.

Nisamehe. Sijui baba anaombaje msamaha kwa mtoto, sikuwahi kuonyeshwa, basi naandika hivyo hivyo.

Mpelekee mkubwa wako barua hii, aisome yote. Mwambie mzee ndiye aliyekosea. Na kisanduku kirudishe leo hii.

Jana mama yako alinishika mkono tukaenda kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Watalipasua la kulia tarehe kumi na moja Juni. Nimemwuliza kama nikifumbua nitaona rangi zangu, kasema mara nyingi huwa hivyo. Nikamwuliza na mara chache je? Akaanza kunawa mikono.

Baba yako

8 Juni

Kwa baba yangu,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itawahi kabla ya tarehe kumi na moja, nami nimempa dereva yuleyule.

Sikufichi, nilikasirika. Nilikasirika siku tatu. Siku ya kwanza nilikuwa nazungumza nawe peke yangu njiani, watu wananigeukia. Wiki sita, baba! Nilifikia kuamini mikono yangu ni mibovu.

Barua nilimpelekea mkubwa. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi. Orodha ilikuwa imeshafungwa, nafasi amepata mwenzangu, na anastahili. Mimi wameniongezea miezi mitatu ya majaribio, halafu wataangalia upya. Kwa hiyo sijafukuzwa na sijaajiriwa, niko hapo katikati naning'inia.

Siku ya nne nikakumbuka kitu. Nilikuwa na miaka saba, nikapindua kikombe kizima cha buluu ndani ya ndoo ya nyeupe ya mwalimu mkuu wa shule yetu. Alipokuja na kuona ukamwambia, "Nimekosea mimi, mkono uliteleza." Nilikuwa nyuma ya mlango, nimelowa buluu mpaka kwenye kiwiko. Hukunitaja, wala hukunichapa. Uliniambia tu, "Buluu si ya kumiminwa, ni ya kunong'onezwa." Basi mara hii zamu ya kubeba kosa ni yangu. Nimekusamehe, baba, tena si kwa maneno ya barua tu.

Kisanduku nimekirudisha. Bado kinaanza na nyeusi. Sitaibadilisha mpaka uniambie.

Na nikwambie jibu la swali lako. Mchanganya rangi asiyeona rangi ni baba yangu. Nenda ukapasuliwe bila hofu. Hata ukifumbua ukute giza nitakuja kukusomea zile kadi mia nne na kumi na mbili moja moja.

Mwanao anayekupenda,
Kidole

29 Juni

Kwa Kidole wangu,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Jicho la kulia limefunguliwa. Naandika herufi ndogo, umeona? Daktari anasema la kushoto litasubiri mwezi wa nane.

Sikiliza kisa. Siku ya pili wakanitoa kitambaa, mama yako akanirudisha nyumbani. Njiani nilikuwa natamka kila kitu kwa sauti: lile bati ni kijani, lile shati la samawati, yule bibi ana kitenge cha zambarau. Mama yako akaniambia ninyamaze, watu watadhani wamenitoa akili badala ya mtoto wa jicho. Tukaingia sebuleni.

Nikasimama mlangoni palepale aliposimama mama yako siku ile nilipomaliza kupaka. Kidole, si nyeupe ya maziwa. Haijawahi hata kukutana na maziwa. Ni ubuluu unaoelekea zambarau, kuta zote nne, mpaka nyuma ya kabati! Nikafunga jicho jipya nikatazama kwa la zamani: maziwa safi. Nikafunga la zamani nikatazama kwa jipya: zambarau. Nikawa nafumba huku nafumbua kule kama mtu anayekonyeza ukuta.

Nikamwuliza, "Mama Kidole, ukuta huu uko hivi tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniambia imependeza?"

Akasema, "Ulikuwa umejaa rangi mpaka kwenye nyusi, na umefurahi. Ningesemaje?"

Kumbe wote walijua. Fundi cherehani, jirani zetu, hata anayesoma mita ya maji, wanakaa sebuleni kwangu, wanakunywa chai, wananisifu. Na mama yako alikuwa akiomba tu nipate mtu wa kuniambia habari ya macho kwa upole, kwa kuwa yeye kila akijaribu namkatia maneno. Nikakaa kwenye kochi nikalia, sina aibu kukwambia, nililia kwa macho yote mawili, jipya na bovu.

Nikasema kesho nachanganya maziwa, naupaka upya, mara hii naona. Akanishika mkono. "Ukuta wangu usiuguse. Nilitaka maziwa, sasa nimeshazoea hii. Kapake za watu."

Basi leo asubuhi nimefanya ulichoniomba tangu Machi. Nimeingia na simu ya duka, nikafumba jicho la kushoto, nikafungua kisanduku chako. Nyeusi. Nikasogeza kile kiduara polepole, nikitazama ukuta, nikitazama kioo, kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Na kioo kinatoa mwanga na ukuta hautoi, nalijua, umeniambia. Lakini zimefanana, Kidole. Niliziona zikifanana kwa macho yangu.

Alama ya reli, halafu D8DAF4.

Hiyo ndiyo rangi ya kuanzia. Nimeitengenezea kadi, ya mia nne na kumi na tatu, nusu yake nimekukatia nimeiweka humu ndani ya bahasha ukaibandike mbele ya kiti chako miezi hii mitatu. Nyuma, kwa penseli, utaona nimeandika: "Ndoo moja nyeupe. Buluu vijiko vitano, vinne vimezidi. Mke hakusema, mtoto alibeba. Isirekebishwe."

Baba yako,
Fundi